Baba wa Karatasi

"Mtu asiyeijua sura yako hawezi kukukosoa. Anaweza kukutukana tu."

Hayo ni maneno ya baba yako mdogo Kastori, leo mchana, tonge likiwa mkononi, na wewe Otilia ukaitikia kwa kichwa kana kwamba umesomewa Waraka kanisani. Tulikuwa tunakuaga, na sikutaka ugomvi ukae kwenye sahani ya mtu anayesafiri. Sasa vyombo vimeoshwa, Kastori kaenda kwake, umeme bado upo, na kalamu ninayo.

Kastori amekosea. Ameimba kwaya miaka mingi, na sura ya mwalimu wake wa kwaya anaijua kama ya mkewe. Anajua pia kwamba mwalimu yule huanzisha nyimbo juu mno, hata akina mama wa sauti ya kwanza wakifika kwenye kiitikio wanafumba macho kama wanaomeza kwinini. Amewahi kumwambia? Hajawahi. Kwa nini? Kwa sababu wanajuana sura. Jumapili watakutana tena, na harusi ya binti yake itahitaji kwaya. Basi sura haileti ukosoaji, mwanangu. Mara nyingi sura ndiyo inayofunga mdomo.

Mambo ya sabuni, chandarua na mahali pa kuficha nauli ameshakuambia shangazi yako, na anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu. Kesho alfajiri unapanda basi la Mtwara kwenda kusomea ualimu, na makaratasi ya hadithi zako umeyaacha juu ya kabati. Nilikuuliza, "Na haya?" Ukajibu, "Mama, mimi na kuandika basi." Ulisema kwa sauti ndogo ya mtu asiyetania. Hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Naomba nikusimulie yaliyotokea, ingawa yalikutokea wewe. Wewe uliyaona ukiwa upande wa aliyeumia. Mimi niliyaona nikiwa upande wa aliyeingilia, na huku kuna mambo huyajui.

Uliandika hadithi ya mtoto wa Namtumbo ambaye baba yake anaacha shamba la tumbaku na kwenda Tunduru kuchimba vito, enzi zile ruksa ya kuchimba ilipofunguka na kila mwanamume mwenye sururu akaamini kuna shimo linalomsubiri yeye. Baba anakaa huko miaka miwili bila kuleta salamu. Siku moja anashuka kwenye basi, mtoto anamkimbilia, wanakumbatiana, mama anapika, hadithi inaisha. Ulikwenda nayo kwenye ile intaneti kafe ya karibu na stendi, ukaichapa mchana kutwa huku laini ya simu ikikatika na kurudi, ukaiweka kwenye Ukumbi wa Hadithi, pale ambapo waandishi wetu wa Kiswahili hujificha nyuma ya majina ya bandia, wakaweka kazi zao, na wenzao wakaandika chini yake walivyoiona.

Sisi wa nyumba hii tulijua huyo baba ni nani. Baba yako naye alikwenda Tunduru, naye alirudi. Watu wa Ukumbini hawakujua. Ndipo akaja mmoja anayejiita Kisu Butu, akaandika hivi:

"Nimesoma mpaka mwisho. Mtoto yupo, mama yupo, hata mbwa yupo. Baba ni karatasi. Ametoka machimboni baada ya miaka miwili na hana hata vumbi masikioni. Nadhani mwandishi amemwogopa."

Ulirudi nyumbani umeshika ukurasa uliouchapisha kule kafe. Ukaniambia, "Mama, mtu gani huyu? Hanijui, hamjui baba, anasema namwogopa!" Na mimi, ambaye nimejibizana na wahariri, makatibu wakuu na wenye shule za kulipia tangu magazeti yalipoanza kuwa mengi, niliona mtu amenichokoza ndani ya nyumba yangu. Asubuhi yake nilikwenda kafe. Nikajisajili kwa jina la Msomaji Mtulivu. Usicheke.

Kabla ya kumjibu mtu mimi humsoma, ndiyo desturi yangu. Nikasoma aliyokuwa ameandika chini ya kazi za wengine. Mahali fulani akasema, "Huku Iringa niliko baridi imekaza." Nikapiga meza mpaka kijana wa kafe akageuka. Mhehe! Mtani wetu sisi Wangoni kajileta mwenyewe! Hasira ikaniisha pale pale, nikaingiwa na furaha. Nikamwandikia:

"Wewe Mhehe, babu zako walipowaona babu zetu walikimbia wakaacha ngao njiani na uji jikoni. Leo umepata wapi ujasiri wa kumkimbiza binti wa Kingoni? Rudi ukaokote ngao kwanza. Halafu uje na kisu, tena safari hii ukinoe."

Nilitoka pale nikijichekea barabarani. Hapa Songea, maneno kama hayo yangenirudia na mengine mabaya zaidi, tukacheka, tukakaa kitako, na mazungumzo ya kweli yakaanza. Jibu lake unalikumbuka, maana Ukumbi mzima ulilisoma:

"Shikamoo mama. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, Iringa nipo kikazi. Ngao unayoisema siijui, ila kama ilipotea huku nitaiulizia."

Wewe ukaingia nyumbani kama upepo. "Mama! Binti wa Kingoni? Si wamejua wote kwamba ni mama yangu!" Siku iliyofuata ukaiondoa hadithi. Hukunisema zaidi ya hapo, na mimi sikukubembeleza. Nilikuwa nimeshikwa na swali, na mimi nikishikwa na swali siwi mzazi mzuri.

Swali lenyewe lilikuwa hili: kwa nini tusi lilelile hapa ni mkeka wa kukaribishia mgeni, na kule ni jiwe? Kastori atasema ni kwa sababu hapa tunaonana. Lakini watani wakutanao stendi hawajaonana kamwe, na hutukanana tangu kwenye salamu. Kwa hiyo si sura. Ni nini basi?

Nikakumbuka mazishi ya babu yako, baba yangu mimi. Ulikuwa mdogo, pengine unakumbuka vicheko tu. Fundi Kihwele, yule Mhehe mwenye cherehani karibu na stendi, alifika, akaingia ndani bila kuuliza, akatoka amevaa koti la marehemu. Akachukua na fimbo yake. Akazunguka uani akichungulia masufuria ya wapishi, akakohoa kile kikohozi cha babu yako cha kuita watu, akasema, "Nani katia chumvi yote hii? Chumvi inachotwa mtoni?" Shangazi yako alikuwa analia, akacheka kwa sauti huku machozi yakitoka. Mimi pia. Mzee alikuwa bahili wa chumvi, sote tulijua, na hakuna aliyewahi kumwambia maisha yake yote.

Kijana mwingine wa kutoka Iringa, mgeni mjini, akataka naye kuigiza. Akarukaruka, akaanguka makusudi, akapayuka. Hakuna aliyecheka. Hakuwahi kumtazama mzee. Na Kihwele alipomaliza vituko alivua koti, akalikunja vizuri, akashika jembe, akaingia kaburini na kuchimba mpaka tukawa tunaona kofia yake tu.

Siku zote nilijua mtani ana ruhusa. Nilikuwa sijauliza ruhusa hiyo anaipata kwa kazi gani. Nadhani sasa naijua: anaipata kwa macho na mikono. Amekutazama mpaka anajua kikohozi chako, na kazi ngumu ikifika hakimbii. Mimi kule Ukumbini nilileta mdomo wa mtani, macho na mikono nikaviacha nyumbani. Na wengi wa kule wanafanya hivyohivyo, wanadhani ukali ndio ukosoaji. Ukali hata kijana wa kurukaruka alikuwa nao.

Nikarudi kwenye maneno ya Kisu Butu kumpima kwa kipimo hicho. Hata mbwa yupo, alisema. Mbwa gani? Ilinibidi niisome hadithi yako upya. Kweli yupo, nusu sentensi, amelala chini ya gunia. Mimi mama yako nilikuwa nimempita. Yeye Mhaya wa Iringa alimwona. Basi macho alikuwa nayo.

Na mikono? Hili ndilo usilolijua. Ulipoiondoa hadithi, alinitumia ujumbe mimi peke yangu:

"Mama Msomaji Mtulivu, binti ameiondoa hadithi na nimesikitika, nilitaka kuisoma tena. Nina swali, si la ugomvi. Yule baba aliposhuka kwenye basi, alikwenda wapi kwanza? Wanaume waliokaa mbali hawaji nyumbani moja kwa moja."

Nilikuwa na majibu matatu, yote makali, na moja lilikuwa zuri sana. Sikulituma hata moja. Nilikaa mbele ya ile kompyuta nikigundua kwamba sijui. Miaka yote hii, sijui! Basi la Tunduru wakati wa kiangazi lilikuwa likiingia mchana. Baba yako aliingia mlangoni jua limeshazama. Sikuwahi kuujumlisha mchana na jioni ile.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikachukua hindi na mimi.

"Baba Oti, siku ile uliyorudi, ulikwenda wapi kwanza?"

"Siku ipi?"

"Ya Tunduru."

Akaendelea kupukuchua. "Nani anauliza?"

"Mhaya mmoja wa Iringa."

"Mhaya wa Iringa anataka kujua mimi nilikwenda wapi?"

"Anataka. Ameniandikia."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. Halafu akasema, bila kunitazama, "Nilikwenda kwa Kihwele. Suruali ilikuwa imechanika nyuma, yote. Nilikuwa nimejifunga shuka. Nikasema, siwezi kuwatokea wanangu na shuka kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali. Akanikalisha nyuma ya cherehani, akashona kiraka. Akanitukana mpaka jua likazama. 'Tazama Mngoni! Kaenda kuchimba yakuti, karudi na matako nje!' Kila akigeuza kitambaa ana tusi jipya."

"Na hakumwambia mtu?"

"Kihwele? Angemwambia mtu, wewe ungekuwa umeshaliandika gazetini."

Otilia, mtu yule amekula kwetu mara ngapi! Amenitukana kwamba ugali wangu ni wa kujengea, amemtukana baba yako kwamba anatembea kama bata. Lakini habari ya suruali hakuigusa hata mara moja. Anajua tusi lipi ni la mbele ya watu na lipi ni la nyuma ya cherehani. Hilo nalo nalitafakari bado, sijalimaliza.

Sikuweza kuacha. Nikamuuliza, "Na mfukoni ulikuwa na nini?"

"Jiwe la Otilia. La kijani. Nilimwekea tangu mwezi wa kwanza. Siku ya kuondoka nikampelekea mnunuzi alitazame, si kuliuza, nijue tu jina lake nije nimwambie mtoto. Akaniambia ni chupa. Chupa ya bia iliyosagika mtoni." Akapangusa mikono. "Nilifika nalo mpaka kwa Kihwele. Nikalitupa chooni kwake."

Tulipukuchua mpaka mahindi yakaisha. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia Tunduru ikitoka kinywani mwake kwa urefu huo, na aliyeitoa ni mtu ambaye hatujawahi kumwona. Leo, ulipokuwa kwa shangazi yako, nilimwomba ruhusa nikuandikie haya. Alikuwa anafunga kamba kwenye sanduku lako. Akasema, "Mwandikie. Ila mwambie asinipambe."

Sasa unaona kwa nini siwezi kumwachia Kastori neno la mwisho. Mtu asiyetujua sura alisoma ukurasa wako akajua kwamba kuna mlango umeufunga. Hakujua nyuma yake kuna nini, na hakujidai kujua. Alisema tu: hapa pamefungwa. Ulimwogopa baba, ndiyo. Na mimi nilimwogopa, maana nilikuwa na miaka mingi kuliko wewe ya kuuliza na sikuuliza. Tulimtengeneza wa karatasi kwa sababu wa karatasi haumii.

Lakini usidhani nakuambia umwinamie kila mkosoaji. Huyohuyo Kisu Butu alimwambia mwenzako mmoja kwamba kisa chake kina mwanzo mrefu. Niliusoma mwanzo ule, si mrefu hata kidogo, ni yeye ana haraka ya watu wa ofisini. Angekuambia wewe hivyo ningekuambia umpuuze. Msikilize mkosoaji anapokuonyesha mahali alipoacha kukuamini, kwa kuwa mahali hapo anapajua yeye kuliko wewe. Anapokuambia namna ya kupatengeneza, hapo ni neno lake dhidi ya lako, na wewe ndiye mwenye nyumba.

Na usiiondoe tena kazi kwa sababu imesemwa. Wala usiijibu. Mwandishi aliyekosolewa hujibu kwa kuandika upya. Kazi ya kurudisha matusi niachie mimi, nina kipaji nacho.

Utakapokosoa wenzako, na utakosoa, maana umerithi ulimi wangu, jaribu lile nililojifunza nikiwa na mvi. Nimewabomoa watu wengi magazetini. Niliwabomoa vizuri, wasomaji walinipongeza barabarani. Sikumbuki hata mmoja aliyeandika vyema zaidi baada ya mimi kumaliza naye. Kisu Butu kaniuliza swali moja, nami sijalala vizuri tangu siku hiyo kwa kutaka kujua mengine. Kwa hiyo tafuta swali ambalo mwenyewe hujui jibu lake. Ukiwa unalijua jibu, hilo si swali, ni fimbo, na watoto wa darasani mwako watakutambua mapema kuliko wasomaji.

Basi lenu litasimama Tunduru. Shuka, unyooshe miguu. Tazama wanaume waliokaa mbele ya maduka ya mawe, tazama wanavyoyashika, nani anatazama jiwe na nani anatazama uso wa mnunuzi. Makaratasi yako nimeyatoa juu ya kabati na kuyatia kwenye begi, chini ya kanga. Sikukuomba ruhusa na siombi msamaha.

Limebaki jambo moja. Chini ya hadithi yako kulikuwa na watu wengi wengine, na siku zote hizi hujanitajia hata mmoja wao. Niliwasoma. "Safi sana dada." "Kaza buti." "Umetisha." Walikusifu, nawe huwakumbuki, na nilijiuliza kwa nini.

Nilipokuwa bado mtumishi wa maktaba, kabla hawajatupunguza, tulikuwa na mikutano ya kukosoa na kujikosoa. Kila mmoja alisimama akataja kosa lake. Unajua tulitaja nini? Kuchelewa. Mkuu wetu alijikosoa kwa kuchelewa, mhudumu kwa kuchelewa, mimi kwa kuchelewa, tukapiga makofi. Vitabu vilikuwa vinaliwa na mchwa rafu nzima nyuma yetu, na hakuna aliyelisema hilo, kwa sababu mchwa wangemgharimu mtu. Tulichagua maneno yasiyomgharimu yeyote, na kwa hiyo hayakuwa na thamani kwa yeyote. Sifa za Ukumbini ni hivyohivyo. Hazikukuumiza wala hazikukusaidia. Mtu aliyekuumiza ndiye pekee aliyekusaidia, na wengine wote wakakuacha naye peke yake, ukadhani dunia nzima ni yeye.

Hawa sitaki kuwaachia hivihivi. Maneno yanayofuata uyachape Ukumbini kama yalivyo, kwa jina langu la kweli au lile la utulivu, chagua wewe.

Ninyi mlioandika "safi sana" chini ya hadithi ya baba aliyerudi kutoka Tunduru: wengine wenu hamkufika mwisho, na mnajijua. Binti yangu ataiandika upya akiwa Mtwara, na baba atakuwa mwingine. Akiiweka, isomeni yote. Kisha kila mmoja wenu amwonyeshe mstari mmoja, mstari ambao alipofika hapo aliacha kuamini, na amwambie kwa nini. Asiyesoma anyamaze. Na wewe Kisu Butu, uliyesema ulitaka kuisoma mara ya pili: njoo uisome, na huyo baba usimhurumie.